Premio ya mwaka 2003 na mlima Kitonga: namna tunavyolitunza gari la familia linapozeeka

Gari letu ni Toyota Premio ya mwaka 2003, chesisi NZT240, injini 1NZ-FE ya cc 1,500, otomatiki ya gia nne. Tunaishi Kihesa, Iringa mjini. Linapeleka watoto shule, linafuata viazi Kilolo, na shule zikifungwa linashuka Kitonga kwenda Dar es Salaam kwa bibi na babu yao, kisha linapanda tena likiwa na watu watano na buti lililojaa. Mlima ule ndio mtihani wa karibu kila kitu nitakachoeleza hapa. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 20 likitoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, likapanda nyuma ya semitrela linalotambaa, kiyoyozi kinawaka na mshale wa joto haujasogea, hilo ni gari zima hata kama rangi imebabuka.

Marehemu baba yangu aliendesha malori barabara hiyo hiyo, kati ya Dar na Tunduma, na mpangilio wake ndio ninaoufuata mpaka leo: kwanza vimiminika, halafu mipira, chuma mwisho. Kila shilingi ya matengenezo naipitisha humo. Watu wengi wanakwenda kinyume. Wananunua injini ya mtumba kwa mamilioni, wakati ile ya kwanza iliuawa na mfuniko wa rejeta uliochoka, na hiyo ya pili inafungwa kwenye rejeta ile ile yenye mfuniko ule ule.

Nitakayosema yanahusu zaidi injini ya 1NZ-FE, ambayo utaikuta pia kwenye Allion ya 1.5, Corolla NZE121, Runx na Probox. Mwenye Carina Ti yenye 5A-FE naye mengi yatamfaa, ila yeye ana mkanda wa taimingi na sisi tuna cheni. Nitalirudia hilo.

Kabla ya spana, nunua daftari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanyika na jina lililoandikwa kwenye boksi la spea. Andika pia lita za petroli kila unapojaza tangi. Gari likianza kuugua, ulaji wa mafuta hubadilika kabla hujasikia mlio wowote, na bila daftari hutaona. Daftari letu linakaa kwenye droo ya dashibodi, na mtu yeyote wa nyumbani anayejaza mafuta anaandika.

Maji ya rejeta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo injini hizi zinapofia. Silinda hedi ya 1NZ-FE ni ya aluminiamu, na bloku pia ni ya aluminiamu. Joto likizidi, hedi inapinda, gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye oili au kwenye silinda, na kuanzia hapo unazungumzia kushusha injini.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika tano, asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Fungua boneti. Angalia kidumu cha akiba, maji yawe kati ya alama ya LOW na FULL. Usiishie hapo. Zungusha mfuniko wa rejeta yenyewe, uufungue, uchungulie: maji yanatakiwa yafike shingoni. Kidumu kinaweza kuwa kimejaa huku rejeta imepungua, kwa sababu injini ikipoa ndipo rejeta inapovuta maji kurudi kutoka kwenye kidumu, na mfuniko uliochoka au kampira kembamba kanakounganisha rejeta na kidumu kakitoboka huvuta hewa badala ya maji. Mwenye gari anaona kidumu kimejaa, anafunga boneti, anaondoka.

Tazama na rangi. Kulanti nyekundu, ya waridi au ya kijani inayopitisha mwanga ni nzima. Ikiwa ya kahawia, ni kutu. Ukiona mafuta yanaelea juu, usiende safari, nenda gereji.

Sasa mfuniko wenyewe. Ugeuze. Kuna springi na mpira wa duara chini yake. Huo mpira ukiwa umekakamaa, umepasuka au umebaki na alama ya kina ya kukaliwa, badilisha, uweke wenye namba ile ile iliyochapwa juu, iwe 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni mgandamizo unaoshikiliwa ndani. Kwetu Iringa, mwinuko ukiwa zaidi ya mita 1,500, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Mfuniko mzima unapandisha kiwango hicho kwa nyuzi karibu 20, na kulanti inaongeza nyingine juu yake. Mfuniko mbovu unakunyang'anya nyuzi zote hizo 20 wakati uko katikati ya Kitonga unazihitaji. Na ni spea ya bei ndogo kuliko filta ya hewa.

Kulanti siyo ya nchi za barafu peke yake. Inazuia kutu, inalinda sili ya wota pampu na inachelewesha kuchemka. Maji ya bomba yana chumvi inayoganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta mpaka vinaziba, na vikishaziba katikati, gari litakwenda vizuri mjini na kuchemsha mlimani, ukabaki unamlaumu fundi. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au ile nzito uchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya kuwekea betri (maji matupu, siyo asidi).

Kubadilisha unaweza mwenyewe. Injini ikiwa ya baridi, weka beseni chini, fungua kizibo cha chini cha rejeta, halafu mfuniko wa juu. Pima kilichotoka, maana ndicho utakachorudisha. Kama kimetoka kichafu, jaza maji safi, washa mpaka injini ipate moto, zima, ACHA IPOE, mwaga tena, rudia hadi yatoke meupe. Ukijaza kulanti mpya, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, na uminyeminye mpira wa juu wa rejeta polepole. Utaona mapovu yanatoka. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayofanya gari lililotoka kubadilishiwa maji lichemshe siku ile ile. Ngoja mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ongeza kilichopungua, funga. Kesho yake asubuhi chungulia tena. Maji ya zamani usiyamwage uani: kulanti ni sumu, na ina utamu unaovutia mbwa na watoto.

Kuna jambo nalipinga kwa nguvu zangu zote, nalo ni kutoa thamostati. Utaambiwa, "Mama, hii tunaitoa tu, ni ya nchi za baridi, huku inasumbua." Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto la kazi na kuiweka hapo. Ukiitoa, injini inazunguka muda wote ikiwa ya uvuguvugu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili haipati joto la kukausha unyevu, na ringi zinalika. Tena sisi tunaishi mahali ambapo Juni na Julai watu wanaota moto asubuhi. Thamostati ikigoma kufunguka, weka mpya. Namna ya kuijaribu iliyotolewa: itie kwenye sufuria ya maji jikoni, chemsha, uone kama inafunguka kabla maji hayajaanza kutokota. Fundi akishaona inavyofunguka mbele ya macho yake, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Vitu vingine vinne vya kutazama hapo hapo mbele:

Kichwa cha juu cha rejeta ni cha plastiki nyeusi. Plastiki inapochoka inageuka rangi, inakuwa ya kahawia inayoelekea manjano, hasa karibu na mpira wa juu. Ukiona hivyo, rejeta hiyo inakaribia kupasuka, na mara nyingi hupasukia mlimani. Ibadilishe nyumbani kwa wakati wako.

Mipira ya rejeta uiminye ikiwa ya baridi. Inatakiwa iwe na uhai, ikuminye nayo. Ikitoa mlio wa kukatika ndani, au ikibonyea na kubaki imebonyea, imekwisha.

Wota pampu ina tundu dogo chini ya mhimili wake. Sili ikianza kuchoka, maji hutoka hapo tone kwa tone, yanakauka kwa joto kabla hayajafika chini, na yanaacha ukoko wa waridi au kijani kwenye chuma. Huoni tone sakafuni, ila kidumu kinapungua kila wiki. Chukua tochi, tazama upande wa mikanda, tafuta ule ukoko. Ukiukuta, usingoje pampu ipige kelele.

Feni ni ya umeme. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, feni ya rejeta lazima izunguke. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei kabla hujakubali kununua mota.

Mshale ukipanda njiani, zima kiyoyozi mara moja, weka hita moto wa mwisho na feni yake kasi ya mwisho hata kama mnatokwa na jasho, tafuta pa kusimama salama. Usifungue mfuniko. Kuna watu wamebabuka uso na kifua kwa haraka ya dakika mbili. Ngoja mpaka unaweza kushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuutoa. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje. Halafu ongeza maji kidogo kidogo huku injini ikizunguka.

Oili

Injini ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Kopo linalouzwa ni la lita 4, na fundi mwenye haraka anamwaga lote. Mwambie asimamie alama ya juu ya kijiti, kilichobaki kirudi nyumbani kwa ajili ya kuongezea. Daraja lake ni 5W-30. Injini iliyotembea sana inaweza kuendelea na 10W-30. Sikubali 20W-50 kwenye injini yenye VVT-i (mfumo unaobadili muda wa kufunguka kwa valvu) ambayo bado ni nzima, kwa sababu mfumo huo unaendeshwa na oili yenyewe kupitia njia nyembamba, na oili nzito asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu. Oili nzito mara nyingi inawekwa kuficha moshi, wala haitibu kitu.

Sisi tunabadilisha kila kilomita 5,000. Wengine wanafika 7,000 au 10,000 kwa oili ya sintetiki, na gari jipya la lami linaweza. Letu linakwenda umbali mfupi mfupi mjini, kisha vumbi la Kilolo, kisha mlima. Cheni ya taimingi inategemea usafi wa oili kwa kila kitu: inalainishwa nayo na inakazwa na kifaa kinachosukumwa nayo. Ndiyo maana haina kilomita za kubadilishwa zilizopangwa, lakini gari lililocheleweshewa oili miaka mingi utalisikia asubuhi likiwashwa, cheni inacharaza sekunde moja mbili ndipo inyamaze. Mwenye 5A-FE yeye abadilishe mkanda kila kilomita 100,000, na kama gari lilinunuliwa bila historia, abadilishe sasa. Afadhali ya injini hiyo ni kwamba mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Utabaki njiani tu, injini haitaumia.

Kubadilisha oili: kizibo cha sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni spana namba 14. Washa injini dakika chache ipate vuguvugu, pandisha gari kwenye jeki kisha lishushe kwenye stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kufumba na kufumbua. Mwaga, weka washa mpya kwenye kizibo, kaza kwa nguvu ya kawaida ya mkono maana sampu yenye uzi ulioliwa ni gharama nyingine. Filta mpya, paka oili mpira wake, ikaze kwa mkono. Na ukisikia fundi anataka kuosha injini kwa kuitia dizeli au mafuta ya taa, mzuie. Dizeli inaondoa utando unaolinda bearingi na kubandua uchafu ambao unakwenda kuziba kichujio cha pampu.

Kijiti uchomoe kila unapojaza petroli, gari likiwa tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Gari la umri huu kula oili kidogo ni kawaida. Kufa kwake ni kula oili huku hakuna anayeangalia. Likivuta moshi wa bluu kidogo asubuhi linapowashwa kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu. Likitoa moshi huo unapokanyaga kupanda mlima, ni ringi. Kabla hujaamini lolote, badilisha valvu ya PCV, inayopitisha mvuke wa ndani ya injini, iliyopo kwenye kava la juu. Ichomoe, itikise: nzima inalia kwa kucheza ndani, iliyoziba ipo kimya. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na kikiziba kinasukuma oili nje kwenye kila sili.

Ndani ya mfuniko wa oili ukikuta uji mzito unaofanana na chai ya maziwa, tulia kwanza. Hapa kwetu wakati wa baridi, gari linaloishia shule na sokoni halipati moto wa kutosha, na unyevu unaganda hapo juu. Chomoa kijiti. Kama oili ya kwenye kijiti ni safi na maji ya rejeta hayapungui, futa mfuniko na ulipeleke gari safari ndefu. Kama kijiti nacho kina uji huo, ni gasketi.

Gia boksi na breki

Premio ya NZT240 inatumia haidroliki ya aina ya T-IV. Ile ya umbo jipya, iliyotoka mwaka 2007, ina CVT (gia boksi isiyo na gia za hatua hatua) na inataka oili yake ya CVT. Ukiweka T-IV kwenye CVT umeiua, na hili linatokea gereji kila siku kwa sababu magari yote mawili yanaitwa Premio. Soma namba ya chesisi, usisome jina.

Kupima: gari limepata moto, injini inazunguka, umekanyaga breki, pitisha gia zote taratibu na urudi P, ndipo uchomoe kijiti, ufute, upime kwenye alama ya HOT. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usiimwage yote kwa mashine mara moja. Ninachofanya ni kumwaga inayotoka kwa kizibo, karibu lita 3, nikarudisha kipimo kile kile, nikatembea mwezi au miwili, nikarudia. Inabadilika polepole bila kuishtua gia boksi iliyozoea ile ya zamani.

Maji ya breki yanavuta unyevu wa hewani, na hilo kwa mtu wa Kitonga ni suala la uhai. Kiwango cha DOT 3 kinataka maji mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishavuta unyevu kinakubali hadi 140. Ukishuka mlima umeng'ang'ania breki, joto linafika huko kwenye kalipa, maji yanageuka mvuke, na pedeli inazama sakafuni. Badilisha kila miaka miwili hata kama rangi inaonekana nzuri, na uanze na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Pedi za mbele zikibaki milimita 3, badilisha. Nyuma ni dramu; watu wanazisahau kabisa kwa sababu hazipigi kelele. Zifunguliwe walau mara moja kwa mwaka, vumbi litolewe, na silinda ndogo za ndani zitazamwe kwa kuinua kingo za mipira yake: kukiwa na unyevunyevu chini yake, zimeanza kuvuja.

Na kushuka: kabla ya mteremko zima O/D (kitufe cha gia ya juu kabisa), ukihitaji shusha hadi 2, injini ishike gari. Breki kanyaga kwa mkupuo, achia zipoe. Hata mteremko mfupi wa kutoka mjini hadi Ipogolo nashuka hivyo.

Mipira

Sehemu hii haiui gari, inaliharibia heshima. Gari linagonga, linatetema, mwenyewe anadhani limekwisha, analiuza kwa hasara, kumbe ni bushi.

Jifunze milio. Tak tak tak unapokata kona usukani ukiwa umekwisha ni sivi jointi (kiungo cha ekseli ya gurudumu la mbele); ila kabla ya mlio kulikuwa na mpira wake uliopasuka na kurusha grisi ndani ya rimu, na ungeuona mapema ungebadilisha mpira tu na grisi. Kugonga kwa haraka haraka kwenye vishimo vidogo ni linki za stabilaiza. Kugonga mara moja, kwa kishindo, unapoweka D au R ni maunti za injini. Mvumo unaopanda na mwendo, usiobadilika ukiweka N, ni bearingi ya gurudumu. Usukani unaocheza unaposhika breki kwenye mwendo mkubwa, tazama diski na bushi za nyuma za mikono ya chini.

Shokapu bonyeza kona ya gari, achia: likidunda zaidi ya mara moja, na ukiona oili imelowesha mwili wake, imekufa. Badilisha mbili za mbele pamoja au mbili za nyuma pamoja. Baada ya hapo ndipo ufanye alaimenti. Alaimenti kabla ya bushi ni pesa iliyotupwa.

Matairi yana umri wake. Kwenye ukuta tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ya mtumba yenye kashata (meno) nzuri inaweza kuwa ya muongo mzima uliopita, na mpira huo ukifika joto la Mikumi kwenye mwendo wa lami unapasuka. Mimi siwapandishi watoto kwenye tairi la namna hiyo kwa bei yoyote.

Umeme na ile taa ya njano

Nunua mita ya umeme, ya bei ya chini inatosha. Betri iliyolala usiku kucha isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 imeisha chaji. Injini ikizunguka isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo tazama mkanda na alteneta, na juu ya 15 regyuleta imeharibika. Kwa vipimo hivyo viwili hutauziwa betri wakati tatizo ni alteneta. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, vimwagie maji ya moto yaliyotiwa magadi, sugua, kausha, paka grisi.

Taa ya cheki injini ikiwaka, kwanza ujue inakwambia mfumo gani wa kuchunguza, haikutajii spea ya kununua. Vile vifaa vidogo vya bluetuthi vya kusomea hitilafu mara nyingi haviwasiliani na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hivyo unahitaji fundi mwenye mashine inayoyasoma. Omba akuandikie kodi (namba ya hitilafu) yenyewe kwenye daftari. P0301 hadi P0304 ni silinda inayomisi (haichomi petroli sawasawa), na tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Hapo unafanya hivi bila kununua kitu: koili zote nne zimeshikwa na bolti namba 10, hamisha ya silinda hiyo uweke kwenye jirani yake. Kodi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, tazama plagi, nafasi yake iwe milimita 1.1. P0171 inamaanisha hewa ni nyingi kuliko petroli. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake na utafute mpira wa hewa uliopasuka. P0128 ni injini isiyofikia joto lake, na kwa Tanzania hiyo karibu kila mara ina maana kuna mtu alitoa thamostati.

Tangi nalo lisishuke chini ya robo. Pampu ya petroli iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli hiyo hiyo.

Fundi na spea

Fundi mzuri ni yule anayekubali usimame pembeni yake na kukurudishia spea ya zamani mkononi. Kuanzia hapo muwe na uaminifu: ukiahidi kulipa, lipa, na kazi yake ikiwa nzuri mpelekee majirani. Kuhusu spea nina msimamo: kinachosimamisha gari, kinachozungusha usukani na kinachopoza injini nanunua mpya, ya kiwanda kinachojulikana, dukani ambako watanipa risiti na kupokea nikirudisha. Taa, vioo, milango, droo, hata alteneta, mtumba kutoka Japani ni mzuri na mara nyingi unazidi mpya ya bei ya chini. Plagi na filta za oili ndizo zinazoigizwa sana. Nenda na ya zamani, zilinganishe: uzito, uzi, maandishi kwenye kaure. Kaure yenye maandishi yanayofutika kwa kidole usiinunue.

Pesa ikiwa haitoshi, tunapanga hivi: breki na matairi, kisha kinachovuja maji, kisha kinachovuja oili, kisha mipira ya chini, kisha kiyoyozi, mwisho rangi. Kutu kwenye sehemu za kubeba uzito ndiyo inayonifanya nishauri kuuza. Piga magoti utazame kwa tochi mahali shokapu za nyuma zinapofungwa na chini ya milango. Chuma kikimeguka ukikigonga kwa bisibisi, usiendelee kumwaga fedha kwenye injini ya gari hilo.

Kabla ya Kitonga, kwenye buti kunakuwa na dumu la lita 5 la maji safi, lita moja ya kulanti, oili iliyobaki kwenye kopo, mpira wa juu wa rejeta na vibano vyake, mkanda wa mbele, fyuzi, tochi, pembetatu mbili, kizimamoto na spana namba 10, 12 na 14. Tairi la akiba lipimwe upepo siku moja kabla, na jeki ijaribiwe kunyanyua gari pale nyumbani.